Kopo lisilolia

Meseji za wiki hii kuhusu ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, zimetoka mikoa ya kati, karibu zote ni za akina mama. Majina nimeyaacha.

Dada nesi, mume wangu hajui hali yangu. Nikishika kopo la ARV linalia, sasa nimeanza kuruka siku. (Chamwino)

Jaza pamba kavu sehemu iliyo wazi juu ya vidonge, halitalia. Lebo ibandue. Kile kipakiti kidogo cha ndani usikitupe, kinanyonya unyevu. Kwa sababu hiyohiyo usihamishie dawa kwenye pindo la khanga.

La pili ni saa. Wengi bado wanameza saa tatu usiku, mume kajinyoosha pembeni. Mazoea hayo tuliyaleta sisi: dawa ya zamani yenye efavirenzi ilikuwa inaleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, tukawaambia wameze wanapokwenda kulala. Kuanzia 2019 wateja walianza kuhamishiwa TLD, kidonge kimoja kwa siku, na chenyewe hakichagui saa. Ikiwa saa nne asubuhi mzee yuko mnadani na nyumba ni yako, basi saa yako ni hiyo, kila siku. Ukisahau, meza ukikumbuka. Yakibaki chini ya masaa 4 kufikia kidonge kinachofuata, subiri hicho. Usimeze viwili kufidia.

Kumwambia? Sheria ya Ukimwi ya 2008 inataka mwenza aelezwe, lakini nawajua waliotupiwa mabegi nje usiku uleule. Anza na mshauri wa CTC, kliniki unakochukulia ARV, mweleze unachokiogopa, kisha mpange mzungumze wote watatu.

Ghala tupu, tunakula mara moja kwa siku. Dawa kwenye tumbo tupu si itaniua? (Kongwa)

Haiui. TLD inamezwa umekula au hujala, maji yanatosha. Hofu hii huwatoa wengi kwenye dawa Januari na Februari, uwele ukiwa bado shambani.

Nina mimba, kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu. Vinagombana na ARV? (Bahi)

Vinaweza, na ni wachache wanaouliza. Madini ya chuma hushikana tumboni na dolutegravir, dawa iliyomo ndani ya TLD, ikaingia kidogo mwilini. Meza vyote pamoja na chakula. Kama hujala, ARV itangulie kwa masaa 2. Kwangu rahisi ni ARV asubuhi, vya damu jioni. Wengine hunipigia wakisema wameacha kimoja ili kuwa salama. Usiache chochote.

Niliacha dawa miezi minne. Nesi alinigombeza mbele ya foleni, akaniita mtoro. Naona aibu kurudi. (Manyoni)

Aibu hiyo ni yetu. Mtoro ni mtoto aliyejificha kichakani asiende shule, si mama aliyekosa nauli. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria ileile ya 2008, na foleni si mahali pa kuitangaza. Mlalamikie mganga mfawidhi, au omba barua ya uhamisho uende kituo kingine. Dawa ni bure kote.

Ukifika, taja miezi yote minne. Ukidanganya kwamba uliishiwa juzi, halafu wingi wa virusi ukakutwa juu, watadhani dawa imeshindwa na huenda wakakubadilishia isivyo lazima. Watakuuliza pia kuhusu kikohozi, homa na jasho la usiku, wakitafuta kifua kikuu. Hali ikitulia unaweza kupewa dawa za miezi 3 hata 6, na nauli ikapungua.

Mchungaji ameniombea, kipimo kikasema virusi havionekani. Niache dawa? (Dodoma mjini)

Havionekani kwa sababu unameza. Vimejificha, ukiacha, wiki chache tu vinarudi. Kwa sasa, maadamu vinabaki havionekani, humwambukizi mumeo kwa tendo la ndoa. Mchungaji mwonyeshe majibu ukitaka, na kopo mwonyeshe pia.