Sungura anayesusa hei: kwanza jua kama hataki au hawezi

Dada wa Makorora, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Kwa anayeingia sasa hivi: dada ana sungura jike wa mwaka na nusu, anakaa naye ndani, na kwa wiki kadhaa hei, yaani majani makavu ya kulisha, aliyomnunulia inalala pale pale ilipowekwa. Peleti, zile punje za chakula cha dukani, anazimaliza, mchicha anaudaka mkononi. Anauliza afanyeje. Wengi hapa wamemwambia amnyime peleti mpaka njaa imrudishe kwenye hei, na mmoja kamwambia amtilie amoksilini kwenye maji, "huenda ana maambukizi".

Nianze na hayo mawili, maana yote yanaua.

Sungura hashindi njaa. Utumbo wake umeumbwa kuwa na kitu kinachopita muda wote, na nyuzi ndefu za majani ndizo zinazousukuma. Akikaa nusu siku bila kutia kitu tumboni, utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, maumivu yanaanza, na kwa maumivu hayo ndiyo anazidi kukataa kula. Kutapika hawezi, kwa hiyo kilichoingia hakina njia nyingine ya kutokea. Aliye mnene yumo hatarini zaidi, kwa sababu akikosa chakula mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini. Kumshindisha sungura njaa ili "anyooke" ni kumtia ugonjwa mwingine juu ya ule ambao hujaujua bado.

Amoksilini ya kumeza, pamoja na ndugu zake wa penisilini, klindamisini na linkomisini, zinaua bakteria wazuri wanaochachusha majani kwenye utumbo mpana. Wakifa hao, wabaya wenye sumu wanachukua nafasi. Mnyama anaanza kuhara, na mara nyingi hafiki mbali. Zipo antibayotiki ambazo sungura anazistahimili, lakini hizo achague daktari wa mifugo baada ya kumwona. Dawa ya mtoto iliyobaki kabatini, hapana.

Sasa swali lenyewe. Mimi nafuga sungura hapa Tanga, Chumbageni, na kila mtu anaponiambia sungura wake "hapendi hei" huwa namuuliza: hataki au hawezi? Haya ni mambo mawili na dawa zake zinapingana. Asiyetaka unambadilishia chakula. Asiyeweza ukimpunguzia peleti unamwondolea kitu pekee anachomudu kutafuna.

Kujua, kaa sakafuni umtazame akila, usimkabidhi tu ukaondoka. Sungura asiyetaka anainusa hei na kuipa mgongo, au anachagua majani laini na kuacha mabua. Asiyeweza anaikimbilia. Anachukua ujiti mmoja, anauzungusha mdomoni, anautafuna mara mbili tatu, kisha unadondoka. Anarudi tena, unadondoka tena. Ukiona hivyo acha kutafuta aina nyingine ya majani. Mpapase kidevuni kama kuna majimaji, angalia manyoya ya ndani ya miguu ya mbele kama yameganda, maana mate anayafutia pale. Jicho moja kutoa machozi bila sababu nalo ni dalili, kwa kuwa mizizi ya meno ya juu iko jirani kabisa na mfereji wa machozi. Tazama pia vinyesi. Vikiwa vidogo kuliko kawaida, vikavu, vya ukubwa tofauti tofauti, nyuzi hazifiki tumboni za kutosha.

Kwa nini meno? Sungura ana meno 28 na yote yanaota maisha yake yote. Ya mbele yanakwenda milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Magego nayo yanaota, ila hayo huyaoni, na hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa. Majani marefu yanatafunwa kwa taya kwenda kushoto na kulia, mara nyingi mno, na msuguano huo ndio unaoyasaga magego yabaki sawa. Peleti inapondwa mara chache, imemezwa. Mchicha ndiyo kabisa. Gego lisilosagika linatoa ncha pembeni: la chini linaelekea kwenye ulimi, la juu linaelekea kwenye shavu. Ncha ikishachoma, mnyama anakwepa kile kinachohitaji kutafunwa sana, yaani hei yenyewe, na kwa kuikwepa ncha inazidi kukua. Ndiyo maana anayesusa hei lakini anapenda peleti siwezi kumwita mdekaji kabla mdomo haujaangaliwa.

Dume langu, Kashata, lilipita humo humo. Daktari wa kwanza niliyempelekea alimfunua mdomo, akaona meno ya mbele yamepangana vizuri, akasema meno hayana neno, akaniandikia vitamini. Wa pili aliingiza kile kifaa chenye taa cha kutazamia masikio hadi nyuma ya mdomo, na ncha ikaonekana imekaa juu ya ulimi na kidonda chake. Alilazwa kwa dawa ya usingizi, yakasawazishwa kwa mashine ya kusaga, akapewa dawa ya maumivu, na siku zilizofuata akaanza kurudi kwenye majani mwenyewe. Sungura wa meno huwa anahitaji kurudiwa, hilo nalo ujiandae nalo mfukoni.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari, muulize waziwazi: umewahi kutibu sungura, na utatazama magego? Mji wetu ni wa ng'ombe wa maziwa, madaktari wengi mikono yao imezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, si kosa lao. Akikwambia umshindishe njaa usiku kucha kabla ya usingizi, mkumbushe kwamba huyu hatapiki na hatakiwi kufunga. Na akitokea mtu na koleo la kukatia meno, mchukue mnyama wako urudi nyumbani. Jino la sungura likikatwa kwa koleo linaweza kupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi, na hapo unafungua mlango wa jipu.

Tuseme sasa mdomo umeangaliwa na ni mzima. Basi ni hataki, na kwa huku pwani mara nyingi kosa ni la hei.

Hewa ya Tanga ina unyevu hata siku ambazo mvua haijanyesha. Robota linaingia dukani likiwa zuri, likikaa wiki chache kwenye chumba kisichopitisha upepo linaanza kunuka uvundo. Pua yako haisikii bado, ya sungura imeshasikia. Chukua fumba moja, lifikiche, ulinuse. Hei nzuri ina harufu tamu ya majani na bado ina ukijani. Ikitoa vumbi, ikiwa na madoa meupe au meusi, itupe. Kuianika juani hakuiponyi iliyoota ukungu. Nunua kidogo kidogo, iweke kwenye gunia la katani au foronya ya zamani, juu ya chaga, isigusane na ukuta. Ukiifunga kwenye mfuko wa nailoni unaipikia ukungu mwenyewe, hasa masika.

Lakini nikwambie ninachoamini, na najua wapo watakaobisha. Hei tunaishikilia mno kwa sababu maelezo mengi ya sungura yanatoka nchi za baridi, ambako miezi ya theluji hakuna jani bichi nje. Wao hawana hiari. Sisi ukoka unaota mpaka kwenye nyufa za baraza. Nyasi mbichi ndefu ina nyuzi zile zile, inasaga magego vile vile, na juu yake inampa maji. Sungura wangu wanakula ukoka na mabingobingo machanga karibu mwaka mzima, hei ni ya akiba. Wafugaji wa ng'ombe upande wa Pongwe ukiwaomba fumba la majani hawakunyimi.

Masharti yapo. Usikate kando ya barabara, wala mahali mbwa wanapokojoa, wala karibu na bustani inayopigwa dawa. Anza na kiasi cha mkono, uongeze kwa wiki nzima, kwa mnyama ambaye hajazoea. Yasambaze, usiyarundike, kwa sababu majani mabichi yakilala kwenye rundo yanapata joto na kuchacha. Mchunga nao wanaupenda, ila huo ni kitoweo. Kisamvu kibichi usimpe, kina sumu ya sianidi. Majani ya parachichi, nyanya na viazi mviringo, usimpe pia.

Akishazoea nyasi mbichi, changanya na hei nzuri polepole. Tia majani ya mrehani au kotmiri katikati ili ayachakure. Weka rundo jipya asubuhi na jioni hata kama la zamani halijaisha, na liwe pale pale anapojisaidia, kwa kuwa sungura ana tabia ya kula huku anajisaidia.

Peleti ndiyo upunguze sasa, siyo kabla. Gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku zinamtosha mkubwa, na ushuke taratibu kwa wiki mbili. Pumba za mahindi acha kabisa. Na wageni nyumbani wasimpe boflo! Kwangu shemeji yangu ndiye mtihani, kila akija ana kipande cha mkate mfukoni.

Jambo la joto nilikuwa nimelisahau. Kuanzia Desemba hadi Machi sungura wa Tanga wanaungua. Hawatoi jasho kama sisi, wanapoza mwili kwa masikio, na joto likipita nyuzi 30 hivi hamu ya kula inaondoka. Wengi wanahamishia kula usiku, kwa hiyo pima rundo la hei alfajiri kabla hujasema hajala. Mweke kwenye sakafu ya saruji, weka chupa ya maji yaliyoganda uliyoizungushia kipande cha kanga aiegemee, na maji ya kunywa yawe kwenye bakuli zito. Kwenye bakuli wanakunywa zaidi kuliko kwenye chupa ya kuning'inia, na aliyekaukiwa maji hawezi kutamani kitu kikavu.

Ikitokea hajala chochote na hajatoa kinyesi kwa saa 12, amejikunyata anasaga meno kwa sauti, usingoje kukuche. Tumbo likiwa laini unaweza kumshikilia njiani kwa peleti zilizolowekwa maji ya vuguvugu na kupondwa uji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo huku akimeza. Tumbo likiwa gumu kama ngoma usimlishe kitu, mpeleke.

Dada, umesema mchicha anaudaka. Hebu leo mpe ujiti mmoja mgumu wa ukoka uliokomaa, umtazame anavyoutafuna, halafu utuandikie hapa: unadondoka au hapana, kidevu kikavu au kibichi, na ana kilo ngapi. Kama unadondoka, nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze kwa daktari aliyemtibu wangu.