Bentley Continental GT mpya: kaa nayo njiani kwanza, ndipo useme

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia. Anasomea ufundi wa magari chuoni, na ana ukurasa wake anaochambua magari kwa Kiswahili kama ninavyofanya mimi. Alikuwa ameandika kuhusu Bentley Continental GT ya kizazi cha nne, gari la kifahari la Kiingereza. Alisema taa zake mpya hazipendi, na kwamba gari la michezo lenye kilo 2,459 limeshapotea njia. Watu wakamshukia. Mmoja akamwambia, "Wewe hata Vitz huna, Bentley umeijulia wapi?" Akaniuliza: "Kaka, niendelee au niache? Naona kama wana haki."

Hawana haki, mdogo wangu. Nitakujibu hapa hadharani, kwa kirefu, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyohiyo. Mnataka siku moja mkisema neno kuhusu gari, watu wanyamaze wasikilize.

Mimi ni mtoto wa Tanga, nipo Dubai, na kazi yangu ni kuosha na kupiga polishi magari ya watu wenye uwezo. Hiyo kazi naiheshimu. Mikono hii imepita juu ya bodi za magari ambayo wanaobishana usiku kucha kuyahusu hawajawahi kuyakaribia. Lakini gari hili lilipozinduliwa Juni 2024 na mimi nikaandika maoni yangu, mtu mmoja kwenye kundi la wapenzi wa magari, Mswahili mwenzangu, alinijibu: "Huyu mwosha magari tu, atatuambia nini?" Kundi zima likajaa vikatuni vya kucheka. Watu niliokuwa nawasaidia bure, nikiwaelekeza namna ya kutunza rangi za magari yao, nao wakacheka. Nilitoka siku ileile na sijarudi. Inaniuma mpaka leo, na sioni sababu ya kujifanya haiumi.

Sasa tazama walichokuwa wanasema hao wajuzi. Tuanze na taa. Continental GT imekuwa na taa mbilimbili kila upande tangu ile ya kwanza, na ghafla hii mpya ikaja na taa moja kila upande, yenye mstari unaokatiza juu kama nyusi. Ukisoma maoni ya wakati ule utadhani kuna mtu kafiwa. Kisha injini. Ile W12 ya lita 6.0, yenye silinda 12, iliyokuwa roho ya gari hili tangu Continental GT ya kwanza mwaka 2003, imestaafishwa. Mahali pake ipo V8 ya lita 4.0, yenye silinda nane na turbo mbili, ikishirikiana na mota ya umeme, na betri ya kilowati-saa 25.9 unayoichaji kwa waya. "Bentley ya kuchomeka ukutani," waliandika. Halafu uzito, karibu kilo 200 juu ya Speed iliyotangulia, yaani toleo lenye nguvu zaidi. Halafu ndani, kwamba dashibodi ni ileile ya kizazi kilichopita.

Takwimu zenyewe wengi waliziruka. Toleo la Speed lina nguvu farasi 782 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ya Newton mita 1,000. Linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.2, na mwendo wake wa juu ni kilomita 335 kwa saa. Kwa umeme mtupu linaweza kwenda kilomita 81 kwa vipimo vya Ulaya. Na kwa kuwa betri imelazwa nyuma, chini ya sakafu ya buti, uzito sasa umegawanyika asilimia 49 mbele na 51 nyuma. Continental za nyuma zote zilikuwa nzito puani. Anayejua magari anajua hilo lina maana gani kwenye kona.

Kuhusu taa nitasema langu moja. Kwenye ile ya zamani, kati ya taa kubwa na ndogo kulikuwa na bonde ambalo maji yalijificha. Unakausha gari zima, unamkabidhi mwenyewe, halafu tone linashuka polepole kwenye bampa mbele ya macho yake. Taa mpya haina bonde hilo, kitambaa kinapita mara moja. Na ukiinama ukaitazama kwa karibu, utaona kioo chake kimechongwa ndani kama almasi, mkato juu ya mkato, na jua la hapa likiingia linatawanyika vipandevipande. Picha haionyeshi kitu hicho. Pamoja na hayo, kwa sura, mimi bado napenda zile nne. Lakini hayo ni maoni yanayochukua dakika moja kuyapata, na gari la namna hii halikutengenezwa kwa ajili ya dakika moja. Limetengenezwa kumvusha mtu nchi nzima akafika akiwa mzima.

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kuna mzee mmoja Mwomani, mzaliwa wa Unguja, ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi. Kiswahili chake ni kile cha Mji Mkongwe, kitamu mpaka unatamani asinyamaze. Mzee huyu alisoma makala yangu ileile iliyochekwa. Alikuja dukani, nikamwamkia, akaitika, akaniambia, "Mwanangu, umesema taa hazikupendezi, sawa. Lakini gari hujalisafiria. Njoo." Alikuwa na Continental GT mpya hapa Dubai, na kwake Muscat ana nyingine ya kizazi cha kwanza, W12, iliyohitaji polishi. Akanichukua niende naye nikaifanyie kazi. Fikirini hilo. Kundi la vijana wenzangu lilinifukuza kwa kicheko, na mwenye gari lenyewe akanifungulia mlango.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Kwenye maegesho ya chini ya jengo lake gari lilitoka bila mlio wowote, mpaka mlinzi wa geti alikuwa bado ametupa mgongo tulipomfikia. Kwa umeme peke yake linakwenda hadi kilomita 140 kwa saa, kwa hiyo mji wote wa Dubai tuliumaliza hivyo, kimya, tukizungumza kwa sauti ya chini kama watu walio sebuleni. Kabla ya Hatta, karibu na mpaka wa Oman, chaji ikaisha na V8 ikaamka. Niliona mshale wa injini umepanda ndipo nikaisikia, mngurumo mzito unaotokea mbali.

Mpakani sitawachosha, foleni ni foleni.

Baada ya hapo ni milima, kisha tambarare ya Batinah iliyo pwani ya Oman, mji wa Sohar, na barabara iliyonyooka hadi Muscat. Karibu kilomita 450 kwa jumla. Mzee aligusa kitufe, kioo cha katikati ya dashibodi kikazunguka kikaingia ndani, pakabaki mbao tupu, iliyong'arishwa mpaka unaona kivuli cha mkono wako. Bentley wanakiita kioo cha kuzunguka. Kina pande tatu: skrini, saa tatu za mshale, na mbao. Mzee aliiacha mbao njia nzima. "Mimi nataka kuona njia," aliniambia, "sinema nitatazama nyumbani." Nikawakumbuka wanaolalamika kwamba ndani hapakubadilishwa kitu. Wangekaa pale nilipokaa wangeuliza pabadilishwe nini.

Kwenye madaraja tairi zilisikika zikivuka maungio, tap-tap, tap-tap, lakini kitini hapafiki kitu. Springi zake ni za hewa, zenye vyumba viwili, na shokapu zake zina valvu mbili, moja ya kubana na moja ya kuachia, kwa hiyo gari linalainika bila kuyumba. Kule milimani, kwenye kona, uzito wa zaidi ya tani mbili nilikuwa naujua kwa kusoma tu, mwilini sikuupata. Kuna mtambo wa umeme wa volti 48 unaoshikilia bodi isilale upande, na magurudumu ya nyuma nayo yanakata kidogo. Tulisimama Sohar kwa chai ya karaki na chapati, tukaendelea. Mgongo wangu ni mgongo wa mtu anayeinama kutwa nzima juu ya maboneti. Nikisafiri kwa gari la kawaida hata nusu ya safari ile, nashuka nimeshika kiuno. Muscat nilishuka nimenyooka nikabeba sanduku langu mwenyewe.

Kwenye buti, ndugu zangu, hapo Bentley wamekosea na nitalisema wazi. Betri imekula nafasi. Kizazi kilichopita kilikuwa na lita 358, hiki kina lita 260. Masanduku mawili ya mzee yalijaza kila kitu. Mashine yangu ya polishi, ndoo na dawa zangu, vyote vilikwenda kiti cha nyuma, na mzee akatandika shuka juu ya ngozi ili isikwaruzwe. Gari la safari ndefu linalokosa nafasi ya mizigo ya watu wawili limepungukiwa na jambo la msingi. Lakini tafuteni maoni ya mashabiki mwone ni wangapi walisema habari ya buti. Wachache sana. Kelele zote zilikuwa kwenye taa.

Na ile W12 je? Niliiosha, nikaipiga polishi mpaka ikarudisha weusi wake, na mzee akaniwashia. Wanaoililia W12 wanazungumza kana kwamba ilikuwa inaimba kama V12 ya Ferrari. Haikuwa hivyo. Sifa yake ilikuwa utulivu, nguvu farasi 560 zinazokuja bila haraka wala mtikisiko. Sasa utulivu huo ndio hasa umeme unaoutoa, tena kwa wingi zaidi, na ukitaka sauti V8 inayo, nzuri kuliko ya W12. Mimi niliyeshika zote mbili mkoa mmoja, juma moja, nasema Continental haikupoteza roho. Anayepinga na aje na safari yake, asije na picha.

Ushabiki una tabia ya kurithishana maneno. Mwaka 1930 Woolf Barnato, mwenyekiti wa Bentley wakati ule, aliweka dau la pauni 100 kwamba akitoka Cannes kusini mwa Ufaransa pamoja na treni maarufu ya Blue Train, atakuwa klabuni kwake London kabla treni haijafika Calais, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa. Akashinda. Kwa miaka na miaka mashabiki wakawa wanaonyeshana kupe (gari la milango miwili) moja maridadi ya Speed Six, Bentley ya enzi hizo, bodi yake kazi ya mafundi wa Gurney Nutting, wakisema hilo ndilo gari la mbio zile. Picha zake zikachorwa, zikatundikwa ukutani. Kumbe kupe ile ilikamilika baada ya mbio, na Barnato alikuwa ameendesha Speed Six nyingine, saluni ya kawaida kwa sura. Gari zuri la kutazama lilipewa sifa za gari lililosafiri. Ndicho kinachofanyika leo kila gari jipya linapozinduliwa. Ferrari 12Cilindri ilipotoka mwaka 2024, watu walitazama ule utepe mweusi wa puani wakaishia hapo, wakati chini ya boneti kuna V12 isiyo na turbo inayozunguka hadi mara 9,500 kwa dakika.

Kwa hiyo ushauri wangu. Kaa na gari. Huwezi kulimiliki, sawa, lakini unaweza kulikaribia. Waoshaji tunalikaribia, madereva wanalikaribia, mafundi wa tairi, walinzi wa maegesho. Hao ndio wa kuwauliza, na ukiwa mmoja wao usiinamishe kichwa mbele ya mtu mwenye simu nzuri na maneno mengi. Andika ulichokigusa. Ukikigusa kidogo, andika hicho kidogo. Acheni kukimbilia kusema la kwanza ili mpate kupendwa na wengi, acheni kunakili maoni ya Wazungu usiku wa uzinduzi na kuyafanya yenu asubuhi. Na mnaocheka kazi za wenzenu, mjue kwamba mnayemcheka huenda ndiye pekee kwenye kundi lenu anayejua kioo cha taa ile kimechongwaje.

Wewe wa Mwanza, endelea. Aya yako kuhusu uzito ina hoja, ila umeipima kwa namba tupu. Ongeza mahali betri ilipokaa, na ongeza buti. Kuhusu taa, usibadilishe kitu, jicho lako ni lako. Kisha fanya zoezi hili kabla ya makala yako ijayo: mtafute dereva anayekwenda Dodoma, awe na Land Cruiser, awe na Crown, lolote lile, umwombe lifti. Kaa mbele. Andika kiti kinakwambia nini ukifika Shinyanga, kinakwambia nini ukifika Singida, na sauti ya upepo inaanzia dirisha gani mwendo ukipanda. Nitumie uliyoyaandika, nitayasoma yote.