Shukrani siku ya sikukuu ya somo wa parokia

Hongera kwa kuwekwa kwenye kamati ndugu yangu. Umeuliza mtawashukuruje waliojitolea siku ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake, bila mtu kunung'unika. Mi ningeanza na misa yenyewe, maana Ekaristi, ambayo ndiyo misa yenyewe, kwa Kigiriki ni shukrani, yaani shukrani kubwa ishafanyika altareni kabla hata ya matangazo. Kwenye sala za waamini waombewe kwa kazi zao, wanakwaya, makatekista, watumishi wa altare, wapambaji, na yule mama anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare, huyo jamani watu wengi hata hawamjui, niliwahi kumwona mmoja sakristia, kile chumba cha maandalizi ya misa, akikunja korporale, kitambaa kinachowekwa chini ya kikombe na hostia altareni, taratibu kama anamfunika mtoto mchanga, mpaka leo sijasahau. Majina msisome, orodha ikiwa ndefu lazima mtu ataachwa na kidonda hicho hakiponi haraka. Zawadi sio lazima. Muombeni paroko baada ya misa asimame mlangoni awape mkono mmoja mmoja. Halafu wale waliohudumu zamani na sasa ni wagonjwa, wapelekewe Komunyo nyumbani siku hiyohiyo, na waambiwe wameombewa.