Mbaazi za Jumapili hadi Jumatano

Wahariri wapendwa, wiki hii mmetuuliza: mboga gani ya kawaida unaipika nyumbani siku za kazi bila kuichoka, na unaipikaje? Jibu langu ni mbaazi. Kwangu hazikosekani wiki yoyote, na sababu yake ilianzia kwenye mwaka mbaya.

Nimezaliwa Nachingwea, mkoa wa Lindi. Kule mbaazi hupandwa shamba moja na mahindi. Mahindi yakishavunwa zenyewe hubaki zimesimama mpaka mwezi wa nane, wa tisa. Ni zao la fedha. Tulikuwa tunabakiza debe mbili za kula, nyingine zote zinakwenda kwa wanunuzi, na nyingi huvuka bahari hadi India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei huku ikaanguka wakati sisi ndiyo kwanza tunapura. Nilipofika nyumbani likizo ya Desemba nikakuta magunia sita kwenye chumba ninacholala, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Niliyatazama kwa uchungu, na harufu ya mbaazi iliyokuwa inatoka jikoni ikanizidishia. Mama akaniambia, "Mbaazi hazijakosa kitu, mwanangu. Njoo unikunie nazi."

Likizo ile tulikula mbaazi karibu kila siku, na sikumbuki siku mbili zilizofanana. Siku moja za nazi, siku nyingine za nyanya, asubuhi nyingine zimepondwa za kulia maandazi. Mama alikuwa anachemsha mara moja kwa siku tatu, halafu kila siku anaunga upya. Mimi nilikuwa nimekaa miaka yote nikidhani mtu akisema "leo mbaazi" amekwisha sema chakula ni kipi.

Sasa naishi Dodoma, nafundisha. Mke wangu ni muuguzi, ana zamu za usiku, kwa hiyo jioni za siku za kazi jiko ni langu, na watoto watatu wananisubiri. Mtu anayeingia nyumbani saa kumi na moja jioni hawezi kuanza na punje kavu. Ndiyo maana kazi kubwa naimaliza Jumapili.

Mbaazi nanunua soko la Majengo, kilo moja, na swali langu kwa muuzaji ni moja tu: za msimu huu au za mwaka jana? Zilizokaa ghalani muda mrefu hugoma kuiva, unamaliza gesi na bado zinagonga meno. Wapo wanaozitia magadi ili zilainike. Zinalainika kweli, ila ladha inageuka na vitamini nyingine zinapotea, mimi nimeacha. Jumamosi usiku nazipepeta kwenye ungo, natoa vijiwe na zilizotobolewa na wadudu, naziloweka kwa maji mengi. Asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya yanayozipita kwa vidole vinne, nabandika.

Gesi ni ghali, basi nafanya hivi: zikishatokota vizuri dakika ishirini, nazima jiko, nafunika sufuria kifuniko kizito, nalizungushia blanketi kuukuu na kuliacha saa nzima. Joto lililomo ndani linaendelea na kazi. Nikirudi nawasha tena, na mara nyingi nusu saa inatosha. Nyanya, ndimu na ukwaju haviingii hapa hata kwa bahati mbaya. Uchachu hulifanya ganda likaze, na watu wengi wanaolaumu mbaazi zao walipaswa kulaumu nyanya walizowahisha. Zikiiva nazigawa kwenye mabakuli matatu, zikiwa chukuchuku. Yote yanaingia friji. Asiye na friji anaweza kuzichemsha tena asubuhi na jioni, mradi asiwe ametia nazi, maana tui huchacha upesi, hasa kwa joto letu hili.

Jumatatu ni zamu ya nazi. Dodoma nazi imesafiri kutoka pwani, basi naitikisa sikioni kwanza. Isiyo na maji nairudisha. Nakuna, natia maji ya vuguvugu kidogo sana, nakamua tui zito naliweka pembeni. Natia maji tena, nakamua tui jepesi. Hilo jepesi ndilo linalopikiwa: mbaazi, kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, bizari ya manjano kiasi cha ncha ya kijiko, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima yenye kikonyo chake. Ile pilipili haipasuki. Inatoa harufu, halafu naiopoa kabla watoto hawajapakuliwa. Mchuzi ukishapungua ndipo namimina tui zito, moto mdogo, na hapo siondoki. Nakoroga taratibu upande mmoja bila kufunika mpaka lianze kutoa mapovu madogo pembeni. Ukiliacha litokote kwa fujo linakatika, unabaki na maji chini na mafuta juu, na utamu wa nazi hauonekani tena. Dakika hizo tano hata simu siipokei. Tunakula na ugali, ukibaki mchuzi mwanangu wa mwisho anausafisha kwa kipande cha ukoko.

Jumanne natumia mafuta ya alizeti, ambayo huku Dodoma na jirani zetu Singida ndiko kwao. Kitunguu nakikaanga mpaka kiwe rangi ya asali. Hii nayo haina njia ya mkato. Kitunguu saumu, nyanya tatu zilizokwanguliwa, nasubiri mafuta yajitenge na nyanya, ndipo mbaazi zinaingia pamoja na maji yake mazito. Siku hiyo tunapika wali. Mafuta na nyanya zile zile zilizotiwa haraka haraka hutoa mchuzi mchachu wenye harufu ya ubichi, na mtu anasema mbaazi hazina ladha.

Jumatano nimejifunza kwa jirani yangu, mama wa Kigogo, aliyenionyesha kutia karanga zilizosagwa badala ya nazi. Anazikoroga kwanza kwenye bakuli kwa maji ya baridi zisifanye mabonge, ndipo anazimimina. Nilikuwa na wasiwasi, nikidhani mbaazi za kwetu zitapotea kwenye karanga za watu. Nilipomwambia mama yangu kwenye simu, akaniuliza karanga kiasi gani, na wiki iliyofuata akanipigia kusema kwamba naye ameshajaribu.

Siku za Alhamisi na Ijumaa tunakula vingine, mchicha, dagaa, au mayai nikichoka kabisa. Sijafika mahali pa kumlisha mtu mbaazi siku saba.

Bei ilipanda tena baadaye, na mama hakuacha kulima. Kila mwezi wa saba, zikiwa bado mbichi kwenye maganda, ananitumia kiroba kwa basi. Kinafika kimelowa umande na majani yamo ndani. Jioni hiyo hakuna kitunguu wala nazi. Tunazichemsha na maganda yake kwa chumvi, sinia linawekwa kwenye mkeka, mke wangu akiwa hana zamu anakaa nasi, na tunamenya mpaka giza linaingia. Hizo haziungwi.