Mume wangu anasema Buraq ilikuwa chombo cha anga. Je, ndoa yetu imevunjika?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Tunaishi Minnesota, Marekani. Tangu afariki baba mkwe wangu huko nyumbani, mume wangu halali vizuri. Huamka usiku hawezi kujitikisa, na anaona viumbe wembamba wenye macho makubwa wamesimama karibu na kitanda. Sasa anakesha akitazama video za visahani vinavyoruka, na anasema malaika walikuwa watu wa sayari nyingine na Buraq, mnyama aliyempanda Mtume (s.a.w.) katika safari ya usiku ya Israa kwenda Baytul Maqdis (Yerusalemu), ilikuwa chombo chao. Anaswali kama kawaida. Ustadh mmoja, bila kuzungumza naye, ameniambia mume wangu ameritadi, yaani ametoka katika Uislamu, na nirudi Mombasa na watoto. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Swali lako limeninyima raha, na aliyeniudhi zaidi ni huyo aliyekuambia ufunge virago. Ndoa yenu ipo. Mtu anayeswali hatolewi katika Uislamu kwa maneno aliyoyaokota kwenye simu usiku, kabla hajapatikana wa kukaa naye, kumfahamisha na kumwondolea shubha.

Kuamini kwamba Allah ana viumbe tusiowajua huko juu hakuna ubaya. Suratu Shura, aya ya 29, inataja viumbe aliowaeneza mbinguni na ardhini. Wako wafasiri waliosema wa mbinguni ni malaika. Mimi sithubutu kumwekea Mola mpaka.

Lakini hilo la malaika na Buraq ni batili. Uzushi huu una wenyewe. Katika miaka ya 1970 Mfaransa Claude Vorilhon, anayejiita Raël, aliujengea dini nzima, akidai wanadamu walitengenezwa na mafundi kutoka angani. Basi mafundi hao nao waliumbwa na nani? Hata wangekuwapo, wangekuwa waja kama sisi, hawaabudiwi wala hawaombwi. Malaika, kwa hadithi ya Bibi Aisha iliyomo katika Sahihi Muslim, wameumbwa kwa nuru. Buraq ni mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu, na Mtume (s.a.w.) alimfunga Baytul Maqdis kwenye pete ambayo Manabii walikuwa wakifungia wanyama wao. Ni chombo gani cha anga hicho kinachofungwa kama mnyama? Na aya ya Israa imeanza kwa "Subhana", yaani ametakasika, kwa kuwa aliyempeleka mja wake ni Allah. Anayetia injini hapo ameufuta muujiza. Imani za namna hii zimeua: Machi 1997, California, watu 39 walijitoa uhai wakiamini chombo kinawangoja nyuma ya nyota yenye mkia ya Hale-Bopp.

Ama anayoyaona usiku, mumeo hadanganyi. Hilo ni jinamizi. Tukiwa ndotoni misuli hufungwa tusije tukatenda tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa: macho yako wazi, kifua kimebanwa, mkono haunyanyuki, na ndoto ingali inaendelea chumbani. Sura inayotokea huazimwa kwenye yale mtu anayoyasikia kila siku. Unguja na Pemba mwaka 1995 watu walilala nje makundi makundi wakimwogopa popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku. Mumeo angekuwa huko mwaka ule, huenda angemwona popobawa. Yuko Marekani, anaona wenye macho makubwa. Wapo watakaosema moja kwa moja ni majini. Majini wapo, lakini Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo.

Hukuniambia kama alipata kwenda kumzika baba yake. Nahofia hakupata. Aliyefiwa kwa mbali hubaki akitazama juu akitafuta wa kumwambia kuwa hayuko peke yake, na hizo video zimemwahi kabla yetu.

Kwa hiyo usimcheke, wala usibishane naye usiku. Simu ilale sebuleni. Atawadhe, asome Ayatul Kursiy, alale kwa ubavu wa kulia kama ilivyo Sunna; jinamizi humwandama zaidi anayelala chali na aliyekosa usingizi. Mpeleke kwa daktari, amweleze usingizi wake na huzuni yake pia. Mkae na watoto mmwombee babu yao, mtoe sadaka kwa niaba yake, na mwache azungumze habari za baba yake hata akirudia yaleyale. Akiwa tayari, aniandikie mwenyewe na aulize lolote, sitamwita kafiri.

Wallahu aalam.