Kila neno kwenye mstari wa make lina mpokeaji wake

Wadogo zangu mnaokuja ofisini kwetu hapa Mwanza kwa mafunzo ya vitendo, nimeamua kuyaandika haya kwa sababu wiki hii nilisimama nyuma ya kiti cha mmoja wenu, nikamwona akiandika `make -j clean all`, yaani akiiita make, chombo kinachopanga na kuendesha hatua za kujenga programu, akabonyeza kitufe, kisha akageuka kunieleza kwamba kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, imeharibika. Kompaila ilikuwa nzima. Mwaka jana mwingine alikaa kwenye kiti hichohicho na kunieleza jambo hilohilo kwa uhakika uleule, nami nawapenda mno kuwaacha mwendelee kurithishana kosa hili kizazi baada ya kizazi. Mnafika mkiwa mnaijua Makefile, faili ambalo make hulisoma ili kujua cha kujenga, mnajua malengo na mahitaji yake, mnajua hata kwamba mstari wa maelekezo huanza na Tab. Ambacho hamjazoezwa ni kuusoma mstari wa amri kwa macho ya anayeupokea.

Mstari huo una wasomaji kadhaa. Sheli, programu inayopokea amri mnazoandika kwenye terminali, huusoma kwanza, ikaondoa alama za kunukuu na kuweka thamani mahali pa kila kigeu (jina lililobeba thamani) chenye alama ya dola. Make hupokea kilichobaki na kukigawa mafungu matatu: machaguo yanayoanza na kistari, vigeu vyenye alama ya usawa katikati, na maneno mengine yote, ambayo huyahesabu kuwa malengo. Baada ya hapo kila mstari wa maelekezo hurudishwa kwa sheli nyingine, ndipo kompaila nayo inapopata fungu lake. Ni kama mzigo unaopakiwa melini kwenda Nansio: ukiandikwa jina lisilo sahihi, meli itaubeba bila kuuliza na utashushwa gatini salama, lakini anayeusubiri hataupata. Makosa mengi niliyoyaona kwenye meza zenu ni neno sahihi lililokabidhiwa kwa mpokeaji asiye wake.

1. Ukitumia `-j`, malengo hayasubiriani. Bila chaguo hilo, `make clean all` husafisha kwanza na kujenga baadaye, kwa mpangilio ulioandika. Ukiruhusu kazi sambamba, kusafisha na kujenga vinaweza kuanza kwa pamoja, na mkono mmoja unafuta mafaili ya `.o`, yaani yale yanayotolewa na kompaila, wakati mkono mwingine ungali unayaandika. Leo itapita, kesho itakwama, na hapo ndipo mnapoanza kuishuku kompaila, kisha kumbukumbu ya kompyuta, kisha umeme wa Nyakato. Tena `-j` isiyo na namba haina ukomo wa idadi ya kazi, na ndiyo sababu kompyuta ndogo ya ofisi iliganda mpaka kishale cha kipanya kikasimama. Andikeni `make clean && make -j4 all`, mtaona utulivu unarudi.

2. Kigeu kilichoandikwa kabla ya `make` na kigeu kilichoandikwa baada yake ni vitu viwili tofauti. Hapa nitakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu jambo hili liliwahi kutugharimu, na kijana aliyehusika, ambaye sasa ni fundi ninayemtegemea kuliko wengi, ndiye aliyeniomba niwasimulie kila atakayekuja baada yake.

Tulikuwa tumetengeneza programu ya kupokea uzito kutoka kwenye mizani ya samaki katika mwalo mmoja wa hapa ziwani na kuupeleka kwenye seva. Ilijengwa kwa hali mbili. Katika hali ya majaribio kumbukumbu ziliingia kwenye hifadhidata ya mazoezi, ambayo hufutwa yote usiku wa manane. Katika hali ya kazi ziliingia kwenye hesabu za kweli za wenye mitumbwi. Ndani ya Makefile kulikuwa na mstari uliosema `HALI = majaribio`, na kijana wetu, alipoandika skripti ya kutolea kifurushi, akaandika hivi: `HALI=kazi make kifurushi`.

Ukiutazama kwa haraka, mstari huo hauna kasoro. Sheli iliuelewa sawasawa: iliiweka `HALI` kwenye mazingira, yaani vigeu ambavyo sheli huirithisha programu inayoiita, kisha ikaita make. Make nayo ilifanya kile ambacho mwongozo wake unasema itafanya, yaani ilichukua vigeu vya mazingira, ikafungua Makefile, ikakutana na `HALI = majaribio`, na kwa kuwa kigeu kilichopewa thamani ndani ya Makefile hukishinda kile cha mazingira, neno `kazi` likaachwa hapohapo. Hakukuwa na onyo, kwa sababu kwa upande wa make hakuna kilichokosewa. Kompaila ilipewa hali ya majaribio, ujenzi ukaisha kwa hadhi ya sifuri, ishara kwamba hakuna kosa, kifurushi kikapakiwa kwenye kifaa na kifaa kikapelekwa mwaloni.

Siku ile mitumbwi iliingia alfajiri, sangara wakapimwa hadi jioni, na kioo cha kifaa kikaonyesha kila mzani umepokelewa, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa sahihi. Usiku hifadhidata ya mazoezi ikafutwa kama kawaida. Asubuhi iliyofuata wenye mitumbwi walifika kuulizia hesabu zao na hesabu hazikuwapo. Tuliokolewa na karani wa mwalo, mama mmoja aliyekuwa hajaacha mazoea yake ya kuandika kila uzito kwenye daftari la kaunta kwa kalamu ya wino. Kijana alikaa na daftari lile, kurasa zake zikiwa zimelowa na kushikana kwa maji na magamba ya samaki, akiingiza uzito mmoja baada ya mwingine, na kila mzee mwenye mtumbwi alipokaribia alisimama, akatoa shikamoo, akaeleza kosa ni la nani. Hakumtaja mtu mwingine. Nilimheshimu sana kwa hilo, na nadhani hata wazee walimheshimu, maana hakuna aliyepandisha sauti.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo ninayotaka muishike zaidi. Akiwa bado ana uchungu wa siku ile, alitafuta kwenye mwongozo akakuta chaguo la `-e`, ambalo huifanya make ivipe vigeu vya mazingira nguvu kuliko vya Makefile. Akaliongeza kwenye skripti, akajaribu, `HALI` ikawa `kazi`, akafurahi. Kumbe `-e` haichagui kigeu kimoja unachokitaka. Hufungua mlango kwa mazingira yote. Kwenye seva yetu ya kujengea kulikuwa na kigeu cha `VERSION` kilichoachwa na mradi mwingine, nacho kikaingia kwa mlango uleule na kukifuta kile cha Makefile yetu, hata kifurushi kilichofuata kikatoka kikiwa na hali sahihi na namba ya toleo la programu ya watu wengine. Safari hii tulikiona kabla hakijaondoka ofisini, kwa sababu tulikuwa tumeshaanza kukagua.

Njia iliyo sawa ni `make HALI=kazi kifurushi`. Kigeu kilichoandikwa baada ya make hukabidhiwa make yenyewe, nacho huzishinda thamani za Makefile, isipokuwa mahali ambapo mwandishi wa Makefile ametumia `override`. Kama mnataka njia zote mbili zikubalike, andikeni ndani ya Makefile `HALI ?= majaribio`, maana alama hiyo hutoa thamani pale tu ambapo kigeu hakijapewa nyingine. Sisi kwa lengo la kifurushi tuliondoa thamani ya msingi kabisa: usipotaja hali, ujenzi unakataa. Tuliongeza pia mstari huu, nao naomba kila mmoja auweke kwenye Makefile yake ya kwanza hapa:

`$(info HALI=$(HALI), imetoka: $(origin HALI))`

Kitenzi cha `origin` hukuambia kigeu kimetoka wapi. Kikijibu `command line`, neno lako limefika. Kikijibu `file`, Makefile imekushinda. Kikijibu `environment`, kimetoka kwenye mazingira na Makefile haikukigusa. Laiti mstari huo mmoja ungekuwapo, kifaa kile kisingevuka mlango wa ofisi.

Nguvu hii ina upande wake mwingine. Kigeu kilichoandikwa baada ya make hushinda pia mistari ya `+=`. Ukiandika `make CFLAGS=-g` ili upate taarifa za kutafutia makosa, na Makefile ikawa na `CFLAGS += -Iinclude`, nyongeza hiyo haitaingia na kompaila italalamika kwamba haioni faili la kichwa ambalo liko mbele ya macho yako. Kwa hiyo mwachieni mtumiaji `CFLAGS` iwe yake, na yale ambayo mradi hauwezi kujengwa bila hayo yawekeni kwenye kigeu kingine chenye jina lake.

3. Make hulikataa chaguo isilolijua, lakini kigeu isichokijua hukipokea kimyakimya. `make CFALGS=-O2` itapita bila neno lolote. CMake, chombo kinachoweza kukuandikia Makefile, walau hukuonya mwishoni kwamba kuna kigeu ulichokitaja na mradi haukukitumia, onyo ambalo mnalipita kwa sababu liko chini ya maandishi mengi. Lisomeni. Kumbukeni pia kwamba thamani ya `-D` mliyoipa CMake juzi bado imeandikwa ndani ya `CMakeCache.txt` na itatumika leo hata msipoitaja.

4. `-n` huonyesha amri bila kuzitekeleza, na mnapaswa kuitumia kabla ya kila amri msiyoiamini, ila msiione kama kinga kamili: mstari wa maelekezo unaoanza na alama ya `+`, au unaotaja `$(MAKE)`, hutekelezwa hata chini ya `-n`. Nimeona Makefile iliyoweka `rm -rf` na `$(MAKE)` kwenye mstari mmoja vikiunganishwa kwa `&&`. Aliyejaribu `-n` hapo angefuta folda huku akiamini kwamba anatazama tu. Vitenganisheni mistari miwili.

5. `make -C folda` huingia kwenye folda ndipo ikasoma Makefile. `make -f folda/Makefile` husoma faili hilo huku ikibaki ulipo, na njia zote za mafaili zitahesabiwa kutoka hapo.

6. Alama ya dola husomwa mara mbili. Nukuu moja huilinda dhidi ya sheli, lakini make haizioni nukuu hizo, hivyo `make NENO='ab$cd'` itatumika kama `abd`, kwa kuwa make imekitafuta kigeu kiitwacho `c` na haikukikuta. Andikeni `$$`. Na ikiwa neno hilo ni nenosiri, msiliandike kwenye mstari wa amri hata kidogo, maana mwenye akaunti kwenye seva hiyo kwa kawaida anaweza kuliona kwa `ps`.

7. Ulizeni toleo. Make iliandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976, na watu wengi hudhani chombo cha umri huo kimeacha kubadilika. Chaguo la `-O`, linalozuia maandishi ya kazi sambamba yasichanganyike, lilikuja na toleo la 4.0 la GNU Make, ile make ya mradi wa programu huria wa GNU, mwaka 2013. `--shuffle`, linalovuruga mpangilio kwa makusudi ili mahitaji mliyosahau kuyaandika yajitokeze, lilikuja na 4.4 mwaka 2022. Make inayokuja na zana za Apple ni 3.81 ya mwaka 2006, na haiyajui yote mawili. Mwenye Mac asiwacheke wenzake, wala wenzake wasimcheke.

8. Ndani ya skripti andikeni jina zima la chaguo. Programu nyingi za GNU hukubali ufupisho wa jina refu mradi usigongane na jingine, na toleo jipya likileta chaguo linaloanza na herufi zilezile, skripti yenu iliyofanya kazi miaka yote itakataa asubuhi moja.

Mkikwama njooni, sichoki kuulizwa, ila msinieleze kwa maneno yenu kwamba mliandika nini. Nileteeni mstari wenyewe kama ulivyo kwenye terminali, nukuu na nafasi zake zote, pamoja na jibu la `make --version` na jibu la `origin` kwa kila kigeu mlichokitaja.