Kwa anayeanza kusoma neema na hiari

Ukianza masomo ya teolojia, mapema tu utaulizwa uko upande gani: wa Calvin, aliyefundisha kwamba Mungu ndiye anayechagua nani aokoke, au wa Arminius, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuikataa neema. Usikimbilie kujibu. Mimi nilijibu, nikatumia mwaka mzima kutetea kambi nisiyoielewa.

Anza na Wafilipi 2:12-13, usome polepole. Paulo anawahimiza waumini wautimize wokovu wao "kwa kuogopa na kutetemeka", kisha papo hapo anataja sababu: Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, "kutaka kwenu na kutenda kwenu". Angeweza kuishia kwenye kutenda. Ametaja na kutaka, na hapo ndipo penye ugomvi wote. Hata Luther, alipomjibu Erasmus, msomi aliyetetea hiari ya binadamu, mwaka 1525, alisema utashi umefungwa, hakusema haupo. Basi swali la kuuliza ni hili: kule kutaka kunaanzia kwa nani?

Ukifika kwa Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, angalia tarehe za maandishi yake, maana alibadilika. Pelagius, mwalimu aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa hiari yake mwenyewe, alimnukuu Augustino wa zamani kumpinga Augustino wa baadaye! Kilichomgeuza, yapata mwaka 396, ni maneno ya 1 Wakorintho 4:7: "Nawe una nini usichokipokea?" Uzeeni aliandika kwamba alikuwa amepigania hiari ya binadamu, lakini neema ya Mungu ikashinda.

Yapata mwaka 426, watawa wa Hadrumetum, mji wa Afrika Kaskazini, walimletea swali ambalo mpaka leo nalipenda kuliko yote: ikiwa kila jema ni neema, mkubwa wetu anatukemea kwa nini? Si atuombee tu? Augustino akajibu kwamba Mungu anaweza kulitumia karipio lenyewe kumgeuza mtu. Kaa na swali hilo siku kadhaa kabla ya kusoma jibu lake. Utalikuta tena siku utakapokaa na mtu aliyeshindwa kuacha dhambi ileile kwa mara ya kumi.

Maamuzi ya Sinodi ya Orange, mkutano wa maaskofu wa mwaka 529 katika nchi ambayo sasa ni Ufaransa, ni mafupi, yasome yote. Ilisema hata mwanzo wa imani ni neema, na ikakataa kabisa kwamba Mungu humpangia mtu uovu.

Ndipo umsome Arminius mwenyewe. Nilikuwa nimemwita mfuasi wa Pelagius kwenye karatasi ya mtihani. Nilipomfungua nikamkuta anasema mwanadamu aliyeanguka, pasipo neema, hawezi hata kuliwaza jema.